Tulipohama na Intaneti Ikagoma: Namna ya Kutafuta Tatizo Lilipo

Intaneti haipakiwi kwenye gari la mizigo kama kabati. Unachobeba ni ruta na nyaya zake. Huduma yenyewe imefungwa kwenye anwani, na ukiondoka inabaki palepale mpaka mtu ofisini aifute na kuifungua upya kwingine. Nyumba tuliyotoka tuliikalia miaka mingi na laini yake ilikuwa imetulia, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuyafikiria hayo. Tulipohama tukapitia kipindi kirefu cha kuhangaika, na nikatoka humo nikijua mambo ambayo ningeshukuru sana kuyasikia mapema. Nayaandika kwa ajili ya yule ambaye yuko katikati ya hangaiko hilo sasa hivi, na kila anayempigia simu anamwambia azime awashe.

Mimi ni mkalimani. Sehemu kubwa ya kazi yangu hufanyika kwa video: daktari yuko upande mmoja, mgonjwa upande wa pili, nami niko katikati nikipokea lugha hii na kuitoa kwa ile. Sauti ikikatika sekunde mbili tu, huenda kilichopotea ni kipimo cha dawa. Siwezi kubahatisha. Intaneti mbovu kwangu ni sawa na kutokwenda kazini, tena ni hatari kwa watu ambao hata siwajui.

Wiki chache kabla ya kuhama niliomba kampuni ihamishe huduma. Waliangalia anwani mpya kwenye mfumo wao, wakasema eneo hilo linahudumiwa. Mwenye nyumba naye akanihakikishia kuwa faiba ipo na mpangaji aliyetangulia alikuwa akiitumia. Wote wawili walisema kweli, na bado haikutosha. Kuna faiba inayopita barabarani tu. Kuna iliyoingia kwenye jengo ikaishia kwenye kisanduku cha ngazini. Na kuna iliyofika hadi kwenye soketi ya ukutani ndani ya nyumba yako, na mwanga unapita. Kati ya hali ya kwanza na ya tatu kuna kazi ya kuvuta waya, kutoboa ukuta, kuomba ruhusa ya mwenye jengo na kusubiri zamu ya fundi. Ukiwa bado hujasaini mkataba wa nyumba, omba picha ya soketi yenyewe, na hasa namba iliyobandikwa juu yake. Namba hiyo ndiyo kampuni itakayokuuliza.

Swali la pili ni muhimu zaidi, na sijawahi kumsikia mtu akiliuliza anapokagua nyumba: je, aliyekuwa akikaa humu alifunga akaunti yake ya intaneti? Swali hilo ndilo lililotukalisha bila huduma kwa wiki nyingi, na ili kuelewa kwa nini, inabidi kujua kidogo jinsi faiba ya majumbani inavyogawanywa.

Kutoka kwenye kituo cha kampuni hutoka uzi mmoja wa kioo unaobeba mwanga. Uzi huo unafika kwenye kigawanyio, kifaa kisichotumia umeme, ambacho huupasua mwanga na kuupeleka kwenye nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64. Kila nyumba inapewa tundu lake kwenye kisanduku cha nje, na kwenye kumbukumbu za kampuni kila tundu lina jina la mteja. Katika mfumo ulioenea sana, ule uitwao GPON, nyumba zote hizo zinagawana takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde za kupokea na 1.25 za kutuma. Kifaa cha nyumbani kinachopokea mwanga huo, kile mafundi wanachokiita ONT, kina namba yake ya pekee. Kituo hakikubali kuzungumza na kifaa ambacho namba yake haijasajiliwa kwenye tundu husika, hata kama mwanga unafika vizuri kabisa.

Mpangaji wa zamani alikuwa amehama bila kufunga akaunti. Kwenye karatasi, tundu letu lilikuwa bado lake. Ombi letu likaingia kwenye mfumo, likakuta pamejaa, likasimama. Nilipoangalia maendeleo yake, maneno yalikuwa yaleyale kila mara: linashughulikiwa. Fundi alikuja, akaunganisha kifaa, akasubiri, akaniambia laini itafunguka baada ya saa chache, akaondoka. Haikufunguka siku ile wala wiki ile.

Hapo nikaanza kupiga simu. Kila simu ilipokewa na mtu mpya, na kila mtu mpya alianza upya: zima ruta, subiri, washa. Umechomeka vizuri? Jaribu kuiweka upya. Naomba nisimame kidogo kwenye hilo la mwisho. Kile kitufe kidogo kilichojificha ndani ya kitundu nyuma ya ruta, kinachobonyezwa kwa sindano, hakiwashi ruta upya. Kinafuta kila kitu kilichomo, pamoja na jina la mtumiaji na nenosiri ambavyo baadhi ya kampuni huvihitaji ili ruta iruhusiwe kuingia. Ukikibonyeza bila kuwa navyo umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Kabla hujakigusa, ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, mara nyingi kwa anwani 192.168.1.1 au ile iliyoandikwa kwenye kibandiko chini yake, upige picha kila ukurasa. Na umwombe mtoa huduma akutumie taarifa hizo kwa maandishi.

Katika siku hizo nilikuwa natumia data ya simu. Hapa gharama zilianza kuuma. Bando la simu linalotosha kutazama video halitoshi kufanya kazi ya video kutwa. Linaisha, unanunua jingine, nalo linaisha. Jioni, watu wote wa jirani wakiwa hewani, mnara ulilemewa na picha zikaganda. Nikaanza kukataa kazi za jioni, kisha nikakataa na nyingine. Mteja mmoja niliyefanya naye kazi kwa miaka aliniandikia kwa upole kwamba wamepata mkalimani mwingine kwa muda. Huo muda haujaisha. Nilikaa sakafuni katikati ya maboksi ambayo hayajafunguliwa nikalia. Nayasema haya kwa sababu ukisoma maelekezo ya kiufundi utadhani jambo lote ni nyaya na taa. Mtu anayepiga simu kwa mara ya kumi na kitu akiwa na hasira mara nyingi ana kazi inayomponyoka, au mtoto anayekosa masomo.

Jibu lilitoka kwa msichana mmoja wa huduma kwa wateja ambaye hakuniambia nizime niwashe. Aliniambia, "Dada, hebu niangalizie taa iliyoandikwa PON. Imetulia au inawaka na kuzima?"

"Inawaka na kuzima."

"Na ile ya LOS?"

"Imezima kabisa."

"Basi mwanga unafika kwako. Hapo shida iko huku kwetu. Usikate simu."

Taa hizo mbili zinaeleza mengi, na yeyote mwenye kifaa cha namna hii anapaswa kuzijua. LOS ikiwa nyekundu, kifaa hakioni mwanga, au kinauona kwa udhaifu mno: tafuta waya uliokatika, uliokunjwa au uliochomoka. LOS ikiwa imezima huku PON ikiwaka na kuzima, mwanga upo ila kituo hakijakikubali kifaa: hilo ni suala la usajili, na hakuna fundi wa nyaya atakayelitatua akiwa sebuleni kwako. PON ikitulia bila kupepesa, lakini bado hupati intaneti, tatizo limeshasogea kwenye mipangilio ya akaunti au kwenye ruta. Simu moja yenye maelezo hayo ina thamani kuliko simu nyingi za "intaneti haifanyi kazi".

Yule msichana alilitafuta tundu letu akalikuta na jina la mtu mwingine. Akaniomba nakala ya mkataba wa nyumba ili kuthibitisha kwamba yule ameshaondoka, akafungua tiketi, yaani rekodi ya tatizo yenye namba yake, kwa idara inayohusika, na akanisomea namba hiyo taratibu niiandike. Kuanzia hapo nikawa na daftari: tarehe, saa, jina la kwanza la niliyezungumza naye, alichosema, namba ya tiketi. Daftari hilo lilinisaidia mara mbili baadaye. Baada ya siku chache PON ikatulia.

Nilishukuru Mungu, nikawaandikia wateja kwamba nimerudi. Haikuchukua muda, intaneti ikaanza kukatika.

Ilikuwa inakata dakika moja, inarudi, inakaa saa nzima vizuri, inakata tena. Tatizo la namna hii linachosha kuliko kukosa huduma kabisa, kwa sababu fundi akifika inafanya kazi. Mafundi walikuja wakaenda. Mmoja alibadilisha ruta. Mwingine alibadilisha kifaa cha faiba, na kwa kuwa namba ya kifaa ilikuwa mpya, tukakaa tena bila huduma tukisubiri isajiliwe. Kila mmoja aliondoka na saini yangu kwamba kazi imekamilika. Ukiombwa saini hiyo, isome kwanza. Kwenye kampuni nyingi saini yako ndiyo inayofunga tiketi, na tiketi ikishafungwa malalamiko yako yanaanza kuhesabiwa upya.

Wakati nasubiri, nilifanya kipimo kimoja ambacho kila mtu anaweza kukifanya na ambacho ndicho kiini cha yote ninayoandika hapa. Niliichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, nikafungua madirisha mawili ya amri. La kwanza lilikuwa likituma ping kwa ruta yangu mwenyewe, la pili kwa anwani ya nje, nami nilitumia 8.8.8.8. Nikaziacha ziendelee mchana kutwa. Ping ni ujumbe mdogo unaokwenda na kurudi, na kompyuta inakuandikia umechukua milisekunde ngapi, au kwamba haukurudi. Ruta ikijibu bila kukosa huku ya nje ikikatika, kosa haliko kati ya kompyuta na ruta. Tatizo liko kuanzia upande wa nje wa ruta, yaani kifaa cha faiba na waya wake, kwenda mbele. Zote mbili zikikatika kwa pamoja, tatizo ni ruta yenyewe, au waya unaotoka kwenye kompyuta. Sharti ni utumie waya. Ukipima kwa Wi-Fi hutajua unayemlaumu, na kampuni nyingi hazikubali vipimo vya Wi-Fi hata kidogo.

Vipimo vyangu vilikuwa wazi: ruta haikukosa hata ping moja, nje ilikatika mara kwa mara. Nikapiga picha za skrini zenye saa na kuzituma pamoja na namba ya tiketi. Safari hii walimleta fundi mtu mzima, mwenye kipima nguvu ya mwanga kiunoni.

Nilimfuata kila alipokwenda kwa sababu nilitaka kuelewa, naye alinieleza kwa uvumilivu mkubwa. Nguvu ya mwanga hupimwa kwa kipimo kinachoitwa dBm, na kwenye faiba za majumbani namba huwa hasi: kadiri inavyozidi kushuka chini ya sifuri ndivyo mwanga unavyozidi kuwa dhaifu. Ikishuka kwa 3, nguvu imepungua kwa nusu. Ikishuka kwa 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Vifaa vingi vya GPON hufanya kazi kati ya takriban -8 na -27. Akafungua kisanduku cha ngazini, akapima: -19. Akaja kwenye soketi ya ukutani: -20. Vizuri sana. Kisha akapima kwenye ncha ya ule waya mfupi wa manjano unaotoka soketini kuingia kwenye kifaa: -28.

Akanionyesha waya ule bila kusema neno. Soketi yetu ilikuwa ya kijani. Kichwa cha waya kilikuwa cha buluu.

Rangi hizo si pambo. Kijani ni alama ya kichwa ambacho uso wa kioo chake umesagwa kwa mshazari wa nyuzi 8, ili mwanga unaorudi nyuma usiingie tena kwenye uzi. Cha buluu uso wake umesagwa bila mshazari huo. Vikikutanishwa vinaingia, vinashika, kwa macho vinaonekana sawa, lakini nyuso za vioo hazigusani ipasavyo na mwanga mwingi unapotelea kwenye mwanya. Kwetu, kwenye kipande cha waya kisichozidi hatua moja, palikuwa panapotea dB 8, maana yake ni kama sehemu moja tu kati ya sita ya mwanga ndiyo iliyokuwa inapita. Tulikuwa tunaning'inia kwenye mpaka. Mtikisiko kidogo, mlango ukibamizwa, laini inakata. Mafundi waliotangulia walibadilisha vifaa, kisha wakauchomeka tena waya uleule.

Alisafisha soketi kwa kalamu maalumu ya kusafishia faiba, akaweka waya wenye vichwa vya kijani, akapima: -20. Katika kusafisha akaniambia jambo jingine. Kiini cha uzi wa kioo kinachobeba mwanga kina upana wa kama mikromita 9, chembamba mara nyingi kuliko unywele, kwa hiyo chembe moja ya vumbi inatosha kuziba sehemu kubwa ya njia. Ndiyo sababu vichwa vya faiba huwa na vifuniko, na ndiyo sababu hupaswi kuchomoa-chomoa kwa udadisi au kupuliza kwa mdomo. Pia usichungulie ndani ya ncha ya faiba. Mwanga wake hauonekani kwa macho, hivyo hutajua kama upo. Na usiukunje waya huo kwa kona kali wala kuuwekea mguu wa meza juu yake. Kioo hakihitaji kukatika ili kipoteze mwanga, kupinda sana kunatosha.

Jambo unaloweza kufanya bila kipima cha fundi: kwenye vifaa vingi, ukurasa wa mipangilio unaonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa. Itafute siku ambayo kila kitu kiko sawa, uiandike mahali. Siku mambo yakiharibika utakuwa na namba ya kulinganisha, na ukimwambia fundi "ilikuwa -20, leo ni -27" atakuja na vifaa vinavyostahili.

Baada ya hapo laini haikukatika tena. Kilichobaki kilikuwa ndani ya nyumba, ambako kampuni haina wajibu, na ni haki yake.

Tulilipia kasi ya Mbps 200. Kwenye ruta, kwa waya, nilipata zaidi kidogo ya hizo. Lakini kwenye chumba changu cha kazi, kupitia waya uliokuwa umepitishwa ukutani tangu nyumba ilipojengwa, nilipata 94. Si 90 wala 97, bali 94, kila nilipopima. Uking'ang'aniwa na namba hiyo, acha kuilaumu kampuni. Waya wa mtandao una jozi nne za nyuzi za shaba. Kasi ya gigabiti inahitaji jozi zote nne. Jozi moja ikikatika au ikikosea kuunganishwa, vifaa hukubaliana kimyakimya kushuka hadi Mbps 100, ambayo inahitaji jozi mbili tu, na ukitoa mzigo wa mfumo wenyewe unabaki na takriban 94. Nilifungua soketi ya chumbani nikakuta uzi mmoja haukubanwa vizuri. Fundi wa umeme aliyekuja kurekebisha taa aliubana upya kwa kifaa chake, na kasi ikarudi yote.

Hapo ni vyema kukumbusha kwamba Mbps ni megabiti na si megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Laini ya Mbps 200 inapakua faili kwa kasi ya megabaiti 25 kwa sekunde ikiwa katika hali bora, na kompyuta nyingi huonyesha kwa megabaiti. Watu hugombana na kampuni zao kwa sababu ya tofauti hiyo tu.

Wi-Fi nitaipita haraka, maana suluhisho lilikuwa moja: ruta ilikuwa imewekwa ndani ya kabati la chuma karibu na mlango, pamoja na swichi za umeme. Fundi wa kwanza aliiweka pale kwa sababu soketi ya faiba ilikuwa jirani. Chuma huzuia mawimbi. Tukavuta waya wa mtandao hadi katikati ya nyumba, juu ya rafu, na vyumba viwili vilivyokuwa gizani vikapata mtandao. Zaidi ya hapo: vifaa vilivyo karibu viweke kwenye masafa ya 5 GHz, vya mbali kwenye 2.4 GHz ambayo hupenya kuta vizuri zaidi ingawa ni ya polepole, na kama majirani ni wengi, chagua chaneli 1, 6 au 11 kwenye 2.4 GHz kwa sababu ndizo zisizoingiliana. Ruta mpya pia ipe jina na nenosiri la Wi-Fi ya zamani. Vifaa vyote vya nyumbani vitajiunga vyenyewe, na hutazunguka kutoka simu hadi simu hadi televisheni ukiandika nenosiri jipya.

Mambo mawili ya mwisho yaligusa kazi yangu moja kwa moja. La kwanza, mfumo wa mteja mmoja ulikuwa unanitambua kwa anwani yangu ya IP, yaani namba inayoitambulisha laini yangu mtandaoni, na baada ya kuhama ukanikataa. Anwani za IPv4, aina ya zamani ya namba hizo, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, hazitoshi, kwa hiyo kampuni nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Utajua kama uko humo ukiangalia anwani ambayo ruta imepewa kwa upande wa nje: ikianza na 100.64 hadi 100.127, umechanganywa na wengine. Kundi hilo la anwani lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo. Kama una kamera au kompyuta unayohitaji kuifikia ukiwa mbali, uliza kabla ya kusaini kama unaweza kupewa anwani yako ya kudumu. Mimi nailipia nyongeza kila mwezi.

La pili lilinisumbua hata baada ya kila kitu kupona. Saa fulani za jioni sauti ilikatika ingawa kasi ilikuwa kubwa na laini haikuwa imekata. Nikarudia kipimo cha ping, na safari hii nikaona kwamba ping hazipotei ila zinachelewa: kutoka milisekunde 10 zinapanda hadi mamia. Zilipanda kila simu za watoto zilipoanza kupeleka picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni. Njia ya kutuma ikijaa, ruta hupanga foleni ndefu, na sauti yako inasubiri nyuma ya picha za watu. Ruta nyingi zina sehemu ya kugawa vipaumbele, huandikwa QoS. Niliweka kikomo cha kutuma chini kidogo ya kasi halisi ya laini, ili foleni isijengeke, na kompyuta ya kazi nikaipa nafasi ya kwanza. Kabla hujaboresha kifurushi kwa sababu simu za video zinakatika, jaribu hili kwanza. Kasi zaidi ya kupakua haitakusaidia kitu ikiwa foleni iko kwenye kutuma.

Kuhusu pesa. Kampuni iliendelea kunitoza tangu siku fundi wa kwanza alipochomeka kifaa, ingawa hakukuwa na huduma. Nilipolalamika kwa simu niliambiwa mfumo unaonyesha huduma ilikuwa hai. Nikaandika barua pepe nikaambatisha daftari langu lote, namba za tiketi, picha za taa, picha za ping, na tarehe ambayo idara yao wenyewe ilisahihisha usajili wa tundu. Walinirejeshea kipindi chote ambacho PON haikuwa imetulia, wakakataa kipindi cha kukatika-katika. Niliandika tena nikiwaonyesha kwamba waya usiofaa uliwekwa na fundi wao na ukabadilishwa na fundi wao, kwa mujibu wa ripoti yake. Wakanipa nusu. Mteja niliyempoteza hakuna aliyenilipa.

Wakati huohuo, akaunti ya nyumba ya zamani ilikuwa bado inatozwa, kwa sababu ombi la kuhamisha lilipokwama, upande wa kufunga nao ulikwama. Nilirudisha kifaa cha faiba na ruta yao mkononi, nikaomba stakabadhi yenye namba za vifaa, na nikadai uthibitisho wa maandishi kwamba akaunti imefungwa na tundu limeachiwa. Sasa yeyote atakayehamia nyumba ile anaweza kuomba laini bila kukuta jina langu.